Gesi haina harufu, bomba likivuja tutajuaje?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako. Mimi ni fundi bomba mstaafu. Kazi yangu ilikuwa ya maji, na sasa napalilia mikorosho Madimba, si mbali na mkuza, yaani ile njia iliyotengwa kwa ajili ya bomba la gesi.

Enzi zetu mvujo tuliutafuta kwa nondo. Saa nane usiku, bodaboda zikishalala, unasimamisha nondo juu ya bomba, ncha ya juu unaibana kwenye mfupa nyuma ya sikio. Bomba zima liko kimya. Linalovuja linalia shiii, kama mafuta ya maandazi yakianza kushika moto. Kiangazi hata nondo haikuhitajika: ukiona majani mabichi mwezi wa tisa, chimba hapo. Lakini lipo bomba moja lilitupiga chenga wiki tatu, maji yakinywewa na mchanga, hadi mama muuza chapati alipokuja kulalamika kwamba banda lake linatitia. Wakubwa walikuwa ofisini wanasoma mita, kila kitu sawa.

Nimeyakumbuka hayo baada ya mpwa wangu, anayesomea mambo ya gesi, kunisimulia ya nchi za baridi. Kule Alaska, Machi 2006, bomba lililoliwa na kutu lilimwaga zaidi ya lita 750,000 za mafuta ghafi. Yalitoka siku kadhaa, theluji ikiyafunika. Aliyegundua ni mfanyakazi aliyekuwa akipita, akasikia harufu. Pua, Mhariri!

Siku hizi baadhi ya mabomba ya namna hiyo hulaziwa faiba ubavuni. Ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Mtambo unarusha mwanga ndani yake, na kila sehemu ya uzi inarudisha chembe ya mwanga huo. Muda wa kurudi unawaambia ni mita ya ngapi, na namna mwanga ulivyobadilika inawaambia pale pana joto kiasi gani. Mafuta ya moto yakimwagikia udongo ulioganda, mahali pale panajitangaza. Barafu ya ardhini ikiyeyuka bomba likapinda, uzi nao unavutika na wanaona. Ipo pia faiba inayosikiliza mtikisiko. Hiyo ni nondo yangu ileile, ila ina urefu wa makumi ya kilomita na haisinzii.

Najua kuna atakayesema Mtwara hatuna theluji. Ni kweli, lakini aliyewahi kutoa upepo kwenye tairi la lori anajua unavyokuwa wa baridi kidoleni. Gesi yenye shinikizo kubwa ikichomoka tunduni hupoa hivyohivyo, tena zaidi, na udongo unaoizunguka nao hupoa. Kule uzi unatafuta joto ndani ya baridi, huku utatafuta baridi ndani ya joto. Hata bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, faiba ya kazi hiyo imo kwenye mpango wake.

Letu la gesi, la inchi 36, lilizinduliwa 2015 na linapita Lindi hadi Dar es Salaam. Gesi asilia kwa maumbile yake haina harufu. Harufu huongezwa na binadamu. Kwa hiyo yule wa Alaska na pua yake, angepita shambani kwangu akipiga mluzi.

Ninachoomba ni kidogo. Wenye bomba waje kijijini, wakae nasi chini ya mwembe, watuambie kama ubavuni kuna faiba inayosikiliza au ni ya mawasiliano tu. Watuambie pia ikishtuka usiku anapigiwa nani kwanza, mwenyekiti wa kijiji au mtu wa Dar. Na kama inasikia hadi jembe, nijulishwe mapema, maana palizi yangu inafika karibu kabisa na vile vigingi vya mkuza na sitaki kuamshwa na polisi.

Fundi mstaafu,
Madimba, Mtwara