Makumbusho tunaijua stendi tu

Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, hili jambo ninalo toka mama yangu alipokuja Dar kutusalimia na naona nisipoliandika litanikaa tu rohoni.

Mi nakaa Bunju, kazi yangu iko mjini, kwaiyo stendi ya Makumbusho naipita asubuhi na jioni na huu ni mwaka wa 11. Konda anaita Makumbusho Makumbusho Makumbusho mpaka jina lenyewe linakuwa kama Tegeta au Mwenge, mahali pa kushukia basi. Sasa siku hiyo tuko kwenye daladala mama akaniuliza, "Makumbusho ya nini mwanangu?" Nikamwambia ni stendi mama. Akasema, "Stendi inakumbusha nini?" Abiria wa siti ya mbele alicheka mpaka akageuka kutuangalia, mi nikanyamaza maana jibu sikuwa nalo, nilichokuwa najua ni kwamba kuna geti pale barabarani wanafunzi wanaingiaga na mabasi ya shule basi.

Jumamosi yake tukaenda, mimi, mke wangu, watoto wawili na mama. Kijiji cha Makumbusho kiko pale toka miaka ya 60, ukishuka stendi ni kutembea kwa mguu, na ndani wamejenga nyumba za asili za makabila ya nchi hii kama zilivyokuwa huko kwao, kuna msonge wa Wahaya umefunikwa nyasi toka juu mpaka chini, kuna nyumba ya Wazaramo ambao ndo wenyeji wa mji huu tunaoringa nao, na kuna tembe la Wagogo, ile nyumba ya paa la udongo. Mama ni Mgogo. Kusikia tembe tu akatuacha wote njiani akatangulia, akainama mlangoni akaingia, tukamsikia anagonga ukuta kwa vidole kama mtu anayenunua tikiti maji. Akatoka akamuuliza yule kijana anayetembeza wageni, "Ng'ombe wao wanalala wapi?" Kijana akasema, "Shikamoo bibi, hapa mjini hatufugi." Akamwambia marahaba, basi hilo sio tembe, hilo ni banda lililoezekwa kwa udongo, na hata huo udongo wa juu inabidi waongeze kabla ya mvua la sivyo litavuja. Afu akaanza kumfundisha, nguzo zinakaaje, miti inalazwaje juu ya paa, mlango kwa nini ni mfupi, yule kijana akatoa simu akawa anamrekodi na wazungu wawili waliokuwa kwenye msonge wakasogea nao kusikiliza ingawa sidhani kama waliambulia kitu. Binti yangu wa darasa la 4 hajawahi kumuona bibi yake anaongea vile, kwetu siku zote anakaaga kimya kwenye kochi anaangalia tamthilia asizozielewa.

Na kiingilio tulicholipa Watanzania, mhariri, kwa mtu mmoja hakifiki hela ya chipsi kuku. Nilijisikia vibaya. Miaka 11!

Baada ya hapo tukawa tumeshapata ugonjwa wa kutembelea makumbusho. Wikiendi iliyofuata tukaenda Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert, ilifunguliwa 1940 enzi za Mwingereza, ndani unakuta habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolipata Mary Leakey kule Olduvai 1959, kuna magari ya viongozi ambayo mwanangu wa kiume aligoma kuondoka, na kuna kumbukumbu ya bomu la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998, hapo mke wangu alisimama muda mrefu hakusema kitu. Tukapita Magomeni kuona nyumba aliyokuwa anakaa Mwalimu Nyerere wakati wa kudai uhuru, nyumba ya kawaida kabisa ya uswahilini, ukiambiwa nchi ilipangiwa humo utabisha. Tukamalizia kule baharini kwenye Boma la Kale lililojengwa miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, kuta za mawe ya matumbawe, na ng'ambo ya barabara watu wamejazana na mabegi wanasubiri boti ya Zanzibar, hakuna hata mmoja anayegeuza shingo. Siwalaumu, na mimi nimeshasubiri boti pale zaidi ya mara moja.

Safari yenyewe hasa ilikuwa Bagamoyo, na gari lake unapanda hapohapo stendi ya Makumbusho, unapita Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga umefika. Kule ukienda na watoto wapeleke misheni ya Wakatoliki ya mwaka 1868, kuna mbuyu mkubwa hapo nje ambao mtu wa zamani aliufunga mnyororo wa kufungia punda wake, akausahau, mti ukaendelea kunenepa ukaumeza mnyororo, sa hivi kinachoonekana nje ni kipande kidogo tu. Wanangu waliking'ang'ania kile kipande kukivuta kama kamba ya ndoo. Mwili wa Livingstone, yule mmisionari Mskoti, ulilazwa hapo misheni 1874 baada ya watumishi wake kina Chuma na Susi kuubeba kwa miguu toka huko ambako leo ni Zambia, miezi na miezi njiani, mama akauliza nani aliwalisha watu hao, swali ambalo mi sijawahi kulifikiria. Kaole ni kilomita chache toka mjini, panda bodaboda, kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe, mahali pametulia unasikia upepo kwenye mikoko.

Sasa ninapokuja kulalamika ni hapa. Sehemu mojawapo katika hizi nilizozunguka, jina naliacha, tumefika saa 5 asubuhi jua linachoma, watu watano, hela mkononi. Tunaambiwa hela taslimu hawapokei, mpaka kontro namba, ile namba ya kulipia serikalini kwa simu au benki. Sawa, tupe hiyo kontro namba. Mtandao uko chini. Utarudi saa ngapi? Hawajui. Tukakaa kwenye kivuli cha mwarobaini saa nzima na nusu, mama amevua viatu, watoto wameshamaliza maji yote, afu tukaondoka hatujaona kitu. Yule dada wa getini wala hakuwa na kosa, aliomba radhi mpaka tukamuonea huruma sisi. Ila jamani mtu ametoka mbali na wazee na watoto anashindwa kuingia kwa sababu ya mtandao? Si waweke kitabu cha risiti pembeni kwa siku kama hizo, au nafikiri vibaya?

Lingine ni dogo na ni la bei rahisi. Pale stendi ya Makumbusho, maelfu ya watu kila siku, kuna mabango ya vocha, ya mikopo, ya waganga wa nguvu za kiume, ila mimi sijaona hata kibao kimoja kinachosema Kijiji cha Makumbusho kiko upande ule, kinafunguliwa saa fulani, kiingilio cha Mtanzania ni kiasi fulani, na ukitaka Kaole au misheni panda gari lile ushukie mahali fulani. Kiandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, hata fundi wa mtaani anaweza kukichora kwa siku moja. Wahusika naamini gazeti wanasoma.

Mama amesharudi Dodoma. Juzi kapiga simu, salamu hazijaisha akauliza kama lile tembe wameshaliongeza udongo maana kasikia kwenye redio mvua Dar zimeanza. Nimemwambia Jumamosi nitapita kuangalia.

Msomaji wako,
Bunju, Dar es Salaam