Yule si bundi, ni kirukanjia

Ndugu Mhariri,

Mimi msomaji wenu wa siku nyingi na barua huwa siandikagi, ila ile picha ya toleo lililopita imenishinda. Ndege kajilaza katikati ya barabara usiku, macho yanawaka kwa taa za gari, nyie mkaandika chini yake "bundi mawindoni". Jamani yule ni kirukanjia! Kwani kila kinachoruka usiku ni bundi?

Bundi ana makucha, panya anamkamata kwa miguu. Kirukanjia vimiguu vyake dhaifu hata kutembea ni tabu, silaha yake mdomo, ukiwa umefungwa ni kamdomo tu ila akiupanua ni pango, anazoa nondo na mbawakawa hukohuko hewani. Tena hashindi macho usiku kucha kama mnavyodhani, muda wake hasa ni magharibi giza likiingia na alfajiri kabla hakujapambazuka, mbalamwezi ikiwepo ndo anapiga ovataimu manake wadudu anawaona. Mchana kalala chini kwenye majani makavu, rangi ileile, unamkanyaga hivihivi.

Sasa angalieni jina. Anakaa njiani, unamsogelea mpaka unamfikia kabisa, ndo anaruka. Aliyempa jina hilo alimtazama kwanza. (Waliokuja kuligeuza tusi la wanawake, hao sina la kuongea nao.) Halafu linganisheni na la kitaalamu, Linnaeus, yule mtaalamu wa Sweden aliyewapa viumbe majina ya Kilatini, mwaka 1758 kaandika Caprimulgus, kwa Kilatini ni kama kusema mkamua mbuzi, kisa huko Ulaya watu wa kale waliamini anakuja usiku kunyonya mbuzi, kumbe maskini wa watu anafuata wadudu wanaozunguka mifugo! Na kesi hiyo anayo vitabuni mpaka leo.

Kuna ndugu yake Marekani, Wahopi, wenyeji wa asili wa huko, wanamwita "mwenye kulala". Mwaka 1946 huko California akakutwa mmoja kwenye mwamba kalala usingizi wa baridi, mwili umepoa kabisa, wiki na wiki hali wala hashtuki, wataalamu wakashangaa kweli. Wangewauliza Wahopi tu.

Kwa hiyo mkiletewa picha nyingine ya usiku, kabla ya kuandika bundi muulizeni mpiga picha ilikuwa saa ngapi na ndege alikuwa wapi, juu ya mti au chini, halafu mtazame miguu. Picha yenyewe lakini nzuri, nimeikata nimeibandika ukutani, maelezo nimeyafuta kwa kalamu.

Msomaji wenu