"Nimelipia kipimo, dawa sijapewa"

Lalamiko hili haliishi hapa kwetu kwenye vipimo, Mwanjelwa, Mbeya. Mtu amelipia Dopla ya mkono (ultrasaundi ya kuangalia damu inavyopita), kapakwa jeli, kaambiwa ateri, yaani mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, imeziba, halafu anakabidhiwa barua ya rufaa. "Mmekula hela yangu bure." Jamani, ateri iliyoziba hivyo haizibuliwi kwa vidonge vya kaunta.

Wengi wanalinganisha bei na ultrasaundi ya mimba. Dopla tunafuata ateri kuanzia chini ya mtulinga, kwapani, kiwikoni hadi kifundoni, tukisikiliza damu inakwama wapi, na ripoti tunaichora. Presha tunapima mikono yote miwili. Mzee mmoja wa Uyole alikuwa akisifiwa presha nzuri kila anakopimwa, kumbe wanapima mkono wa kushoto tu, wenye ateri iliyosinyaa, hivyo presha inasomeka chini. Wa kulia ulikuwa juu mno! Namba ya juu ya mikono miwili ikipishana kwa zaidi ya 15, tunaanza kushuku ateri ya mkono mmoja imesinyaa.

Kinachowagharimu watu ni kuchua. Juni na Julai Mbeya kila mkono wa baridi unasingiziwa hali ya hewa. Mama mmoja kutoka Tukuyu mkono ulimpauka ghafla, ukauma. Wakamchua kwa dawa ya misuli, wakamkanda maji ya moto siku mbili, ngozi ikaungua asisikie. Mapigo ya moyo wake yalikuwa yanarukaruka: bonge la damu lilitoka moyoni likanasa juu ya kiwiko. Angewahi, upasuaji wake si wa kutisha, mara nyingi ni kwa sindano ya ganzi tu. Daktari anachana kidogo kiwikoni, anapitisha mpira mwembamba wenye puto nchani hadi ng'ambo ya bonge, analijaza puto, analivuta lije nalo. Mpira huo aliubuni Thomas Fogarty wa Marekani miaka ya 1960. Mama yule alichelewa, vidole viwili vikakatwa.

Mshipa uliosinyaa taratibu ni habari nyingine: hutanuliwa kwa puto na kuwekewa stenti (kibomba cha wavu kinachouzuia usisinyae tena), au damu hutengenezewa njia ya pembeni, pengine kwa mshipa uliotolewa mguuni. Huyo ana muda wa kupanga safari ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na kufuatilia bima.

Wa ghafla hana. Misuli huanza kufa ndani ya saa 6 hivi. Kwa hiyo mkono ukipauka ghafla, ukawa wa baridi na mapigo ya kifundoni hayashikiki, usije kwetu kwanza. Nenda moja kwa moja hospitali ya rufaa, hata usiku wa manane, na usiuchue.