Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wafugaji, Witu

Asalaam aleikum wazee wetu, kina mama na ndugu wanachama.

Mwaka huu tuliogesha mifugo joshoni kama kawaida, tukatundika mitego ya mbung'o, ile ya vitambaa vya buluu na vyeusi, na semina zilifanyika. Hayo mnayajua, sitayarefusha. Wanachama tuko 84, waliomaliza ada ni 29. Mkutano wa Agosti tulifika 17, na chai ilipikwa ya watu 80. Inasikitisha.

Nije kwa lile linalonung'unikiwa barazani. Ni kweli, mimi ndiye niliyempigia simu afisa wa mifugo baada ya masika, nikihofia Homa ya Bonde la Ufa. Kwa simu ile biashara ya mifugo ikasimamishwa, na Idi ya Mfunguo Tatu ikatupita mbuzi wakiwa zizini. Hasara naijua, wangu pia walibaki. Lakini niliona kwa macho yangu: zizi moja, mbuzi sita wametupa mimba ndani ya wiki moja, maji ya mafuriko yametuama hapo hapo nyuma ya ua, na mbu jioni hawakuachi ufungue mdomo. Mtoto wa nyumba ile alikuwa akiburura kijusi kwa mikono mitupu akakitupe. Ningenyamaza?

Homa ya Bonde la Ufa huanza hivyo hivyo. Mayai ya mbu wanaoibeba hukaa ardhini miaka, mafuriko yakija huanguliwa. Kondoo na mbuzi hutupa mimba, watoto wao hufa, kisha binadamu huipata kwa kushika damu na vijusi au kwa kuumwa na mbu. Mwaka 2006 ilizuka hapa jirani, Garissa, na kufikia 2007 watu zaidi ya 150 walikuwa wamekufa Kenya. Sampuli za mifugo wetu hazikuonyesha homa hiyo, alhamdulillahi. Sasa wako wanaosema nilipiga kelele bure. Sikubali. Anayengoja mpaka mtu atokwe na damu puani ndipo apige simu, amechelewa.

Wengine walitaka tuchanje siku ile ile. Nilikataa, na ningekataa tena. Ugonjwa ukiwa umeshaingia, sindano moja ikipita mnyama hadi mnyama hueneza virusi, na ile chanjo hai ya zamani, yenye virusi vilivyodhoofishwa, huweza kuharibu mimba. Wenye kondoo wa mimba leo wanajua nilichowaokolea.

Na mbuzi wanaofungwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini kwenye bodaboda hadi mnadani: nimeshasema, bado naona. Anayefika nusu mfu hakuletei bei, na mateso yale hayana sababu.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kukarabati josho na kupata vijana wa kutuletea habari za kila zizi. Fedha zikipatikana. Mweka hazina yupo mlangoni na daftari. Mwenye deni amwone kabla hajaondoka.