Kichwa cha treni cha kuchezea huanza kufunza siku kinapobomolewa

Mhariri,

Msomaji mwenzangu mmoja ameandika katika ukurasa huu kwamba vichezeo vya matofali ya plastiki vinavyouzwa pamoja na kijitabu cha maelekezo havimfundishi mtoto lolote ila kutii, kwa kuwa kila kipande kimeshapangiwa mahali pake kabla sanduku halijafunguliwa. Nakubaliana naye nusu. Mtoto anayefuata kijitabu hadi ukurasa wa mwisho, kisha akaiweka kazi yake juu ya kabati ili wageni waione, amenakili tu. Lakini msomaji huyo ameishia pale ambapo kazi yenyewe huanzia. Naomba nafasi nieleze hayo kwa kichwa cha treni ya dizeli ambacho mimi na mpwa wangu tumekijenga na kukibomoa mara tatu hapa Langoni, mtaa wa Lamu, katika mji usio na reli, ambako mizigo huja kwa mashua na kupandishwa vichochoroni kwa punda.

Kichwa cha kwanza kilitoka sandukuni. Kilikuwa na upana wa vinundu sita, vile vidutu vinavyochomoza juu ya tofali, yaani milimita 48, maana kila kinundu cha matofali ya Lego huchukua milimita 8, na chini yake kilikuwa na bogi mbili, yaani vigari vidogo vinavyobeba magurudumu na kugeuka kwenye kona, kila moja ikiwa na ekseli mbili, vile vyuma vinavyounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Kijana alikipenda hadi siku nilipomwonyesha picha ya kichwa cha daraja la 93, yaani aina iliyopewa namba hiyo, kilichoundwa na kampuni ya General Electric ya Marekani na kutumika katika reli yetu ya zamani, ile ya upana wa mita moja. Aliitazama kimya, akahesabu kwa kidole, kisha akaniuliza, "Mjomba, mbona chetu kimepungukiwa magurudumu?" Kilikuwa kimepungukiwa kweli. Kichwa cha daraja hilo kina ekseli sita, tatu mbele na tatu nyuma, na juu yake sehemu inayofunika injini ni nyembamba kuliko sakafu, ili fundi apate njia ya kupita kila upande. Kwa vinundu sita njia hiyo haipatikani ila kwa kuibana injini ikawa kama ubao wa kuandikia. Tukapanua hadi vinane: sita vya injini, na kimoja kila upande cha kupitia fundi.

Kichwa cha pili kilivunjika katikati mara ya kwanza tulipokinyanyua, kwa sababu viungo vyote vya sakafu tulivipanga katika mstari mmoja. Kosa hilo asingelifanya mwashi wala fundi wa jahazi kule Matondoni, na niliona haya kwamba nimekulia kisiwani humu nisiwe na akili ya kupishanisha viungo.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye kona. Reli za kawaida za kichezeo hiki hupinda kwa nusukipenyo cha vinundu 40, sawa na sentimita 32, kiasi kwamba vipande 16 hufunga duara kamili, na hiyo ni kona kali mno kwa bogi ya ekseli tatu. Ekseli zikiwa zimekazwa katika mstari mmoja, ya mbele na ya nyuma hufuata reli, lakini ya kati hubaki kwenye mstari ulionyooka huku reli imejipinda kuelekea nje, na bogi nzima huruka. Tulijaribu kusukuma, tukajaribu kwenda polepole, yote bure. Mwishowe kijana alifunga kalamu kwenye uzi wa sentimita 32, akachora tao sakafuni, akaweka rula kati ya nukta mbili zilizoachana sentimita 8, ambao ndio umbali kati ya ekseli zetu za pembeni. Pengo kati ya rula na tao lilikuwa milimita 2 na nusu. Basi tukaiachia ekseli ya kati iteleze kushoto na kulia kwa kiasi hicho, na tangu siku hiyo haijaruka. Hakuna ukurasa wa kijitabu uliomwambia atafute uzi.

Kisha magurudumu yakaanza kuzunguka mahali pamoja kila tulipofunga mabehewa manne. Tulipakia chubwi za mshipi juu ya bogi yenye mota, na kichwa kikashika reli. Vichwa halisi navyo hutegemea uzito wao kushika chuma, na vinapoteleza dereva humwaga mchanga mbele ya magurudumu. Mchanga wa Shela tunao wa kutosha, lakini nilimkataza mpwa wangu kuujaribu, kwa kuwa ungetuulia giya.

Wapo wanaosema kichezeo hiki ni uongo mtupu, kwani dizeli gani inaendeshwa kwa betri? Wanaosema hivyo ndio wanaokosea. Katika kichwa kama cha daraja la 93 injini ya dizeli haizungushi magurudumu kama ya lori, bali huzungusha jenereta, na umeme unaotoka humo ndio unaoendesha mota zilizo kwenye ekseli. Mota yetu ndogo imekaa karibu sana na mahali pake pa haki. Uongo wetu uko kwingine: reli ya kichezeo ina upana wa karibu milimita 38, na kama huo ndio mita moja, basi kichwa chetu kilipaswa kuwa na zaidi ya vinundu kumi na viwili kwa upana. Tuliujua uongo huo, tukaupima, tukaukubali.

Kazi hii ilipopelekwa kwenye maonyesho ya shule moja, ilikatwa alama kwa kuwa haikufanana na picha iliyo juu ya sanduku. Naomba waandaaji wa maonyesho ya namna hiyo wamuulize mtoto amebadilisha nini na kwa nini, ndipo watoe alama.

Nawe Mhariri nina ombi. Sisi tusio na reli twajenga kwa kutazama picha, na picha nyingi za treni magazetini huonyesha viongozi waliojipanga mbele ya kichwa, suti zao zikifunika bogi zote mbili. Siku mpiga picha wako atakapokuwa tena kituoni Mombasa, tafadhali mwambie asubiri wageni waondoke, kisha apige picha moja ya ubavuni, kutoka ncha hadi ncha, magurudumu yote yakionekana.

Msomaji wako,
Langoni, Lamu