Mtajeni na aliyeutengeneza wimbo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa wasomaji. Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu muziki wa disko niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Mwandishi amemsifu mwimbaji Donna Summer, na sifa hizo ni haki yake. Lakini alipofika kwenye wimbo wake “I Feel Love” ameandika kwamba muziki wake ulipigwa na mashine, akapita. Giorgio Moroder, mmoja wa maprodyuza walioutengeneza wimbo huo, hakutajwa popote. Mimi ni fundi wa sauti, nimekaa studio miaka 19 hapa Mombasa, na sentensi ile imenichoma.

Mashine haikupiga kitu peke yake. Mwaka 1977, mjini Munich, Ujerumani, Moroder na mwenzake Mwingereza, Pete Bellotte, walitumia Moog, ala ya umeme ya kutengenezea sauti, makabati yaliyojaa nyaya na vitufe, ambayo hata haikuwa yao. Ilikuwa ya mtunzi Eberhard Schoener, na msaidizi wake Robby Wedel ndiye aliyeijua tabia yake. Ilikuwa haitulii. Unarekodi sekunde chache, noti zinaanza kuteleza, unasimamisha mkanda, unaiweka sawa, unaendelea ulipoishia. Wedel ndiye aliyewaonyesha namna ya kutia mapigo ya kuongozea kwenye mkanda, ili kila sauti mpya iingie sambamba na iliyotangulia. Besi ile inayokimbia nayo ina siri yake: kila noti inafuatwa na mwangwi wake, noti upande mmoja, mwangwi upande wa pili, ndiyo maana unasikia kasi ambayo kidole hakikuipiga. Vaa hedifoni usikilize, utaona. Na lile dundo la chini, kwa kuwa Moog haikuweza kutoa kishindo cha kuridhisha, lilipigwa kwa mguu wa mtu aitwaye Keith Forsey, kwenye ngoma ya kweli, mwanzo hadi mwisho.

Hayo yote ni maamuzi ya watu, usiku na mchana. Wala simpokonyi mwimbaji chake. Wimbo huo una watunzi watatu, Summer, Moroder na Bellotte, na wote watatu waliandikwa. Ninachouliza ni kwa nini sisi tukisimulia tunabakiza jina moja.

Moroder mwenyewe ametoka mbali. Alizaliwa Aprili 1940 Ortisei, mji mdogo kwenye bonde la Val Gardena, kaskazini kabisa mwa Italia, bonde linalojulikana kwa wachonga vinyago vya mbao. Lugha ya bonde hilo ni Kiladini. Likoni peke yake ina watu wengi kuliko wazungumzaji wote wa lugha hiyo duniani. Aliondoka kijana na gitaa lake, akapiga muziki mahotelini huku na huku Ulaya, akakaa Berlin, kisha Munich. Huko akafungua studio ya Musicland, chini ya jengo la Arabella, ambako baadaye makundi ya Rolling Stones, Led Zeppelin na Queen yalikwenda kurekodi. Mwaka 1972 wimbo wake “Son of My Father” ulishika namba moja Uingereza ukiimbwa na Chicory Tip, kundi la Waingereza. Summer naye alikuwa binti wa Boston aliyefika Ujerumani kuigiza kwenye tamthilia ya muziki. Mtaliano, Mwingereza na Mmarekani, wote wageni katika mji wa Wajerumani, wakatengeneza sauti ambayo dunia nzima inaichezea mpaka leo. Habari kama hiyo mtu anaiachaje nje ya makala?

Tuzo sizirefushi. Moroder alipata Oscar tatu: ya kwanza kwa muziki wa filamu ya “Midnight Express”, mbili kwa nyimbo za “Flashdance” na “Top Gun”. Ila nataka wasomaji waone jambo moja. Oscar ya “Flashdance” aliipokea pamoja na Irene Cara aliyeuimba wimbo, na Keith Forsey, yule yule wa ngoma ya mguu. Miaka ilikuwa imepita, mpigangoma amekuwa mtunzi, na jina lake likasomwa ukumbini.

Watu wa rika langu wanamjua bila kujijua. Wimbo wa Kombe la Dunia la 1990, ule wa Kiitaliano ulioimbwa na Gianna Nannini na Edoardo Bennato, muziki wake ni wa Moroder. Nilikuwa na miaka 11. Tulijazana sebuleni kwa mjomba wangu Kisauni, wengine wameketi juu ya mkeka, wengine wakichungulia dirishani, Kamerun ikaifunga Argentina bao moja kwa bila. Kwa wiki kadhaa tukauimba wimbo ule mtaani kwa maneno ya kubuni, hatujui hata neno moja la Kiitaliano. Ni miaka mingi baadaye, nikiwa tayari studio, nilipojua nani aliutunga, nikaurudia usiku ule ule mara sijui ngapi.

Mwaka juzi wimbo nilioutengeneza mimi, kuanzia biti mpaka kiitikio, ulipigwa redioni mwezi mzima. Mtangazaji akamuuliza msanii nani amemtengenezea. Akajibu, “Studio.” Wakaendelea na mengine. Mama alikuwa jikoni anakuna nazi, redio iko dirishani. Akaacha kukuna, akanigeukia: “Mwanangu, kwani ile si kazi yako?” Sikuwa na jibu la kumpa.

Vijana ninaowafundisha sasa, wawili wao wana masikio mazuri kuliko yangu, wananiuliza kama kazi hii ina jina. Ninawasikilizisha Moroder, nawaonyesha besi ile kipande kwa kipande, nawaambia Daft Punk, kundi la Wafaransa, walimweka mbele ya maikrofoni asimulie maisha yake, wakaitia simulizi hiyo kwenye albamu yao iliyotoka mwaka 2013, yeye akiwa na miaka 73.

Ombi langu ni dogo. Kwenye orodha ya nyimbo kumi mnayochapisha kila Ijumaa, chini ya jina la msanii pana nafasi ya mstari mmoja. Andikeni hapo mtunzi na prodyuza. Mkikosa jina, pigeni simu studio, tutawatajia.

Fundi wa sauti,
Mombasa