Msianze na nota

Mhariri,

Walimu wa kwaya wengi sasa wanakusanya nyimbo za wahubiri wazee wa vijijini, na ni kazi njema. Ila wanakimbilia nota mapema mno.

Tumtazame Ntsikana mwana wa Gaba, Mxhosa wa Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, aliyefariki mwaka 1821. Hakujua kusoma wala kuandika, hakubatizwa, wala hakutumwa na misheni yoyote. Watu aliwaita ibadani kwa wimbo, na wimbo huo hadi leo huitwa kengele ya Ntsikana. Wimbo wake mwingine, uitwao Wimbo Mkuu, hauna beti za vina. Humtukuza Mungu kama chifu anavyotajiwa majina ya sifa: ngao ya kweli, ngome ya kweli, msitu wa kweli.

Wafuasi walizitunza nyimbo hizo vichwani. Zaidi ya miaka 50 ilipita ndipo John Knox Bokwe, mtunzi wa nyimbo Mxhosa, akaziandika kwa tonika solfa, yaani nota za do, re, mi. Tumshukuru, lakini solfa haina alama nzuri ya sauti inayoteleza, na mistari inayogawa mapigo hulazimisha mkazo. Kixhosa, kama Kihaya, hubadili maana kwa sauti kupanda au kushuka. Ukiongeza alto na besi, neno lilelile linapanda na kushuka kwa njia nyingine, na maana yake kuharibika.

Kwa hiyo mrekodi mzee akiimba peke yake, walau mara tatu. Kisichobadilika ndicho tuni, yanayobadilika ni mapambo yake. Kisha mwombe ayatamke maneno bila kuimba, uweke alama sauti inapopanda na kushuka. Hapo ndipo utafute do.

Kosa kubwa liko kwenye kiitikio. Wazee huingia kabla kiongozi hajamaliza silabi zake za mwisho. Sisi tunaandika mmoja amalize ndipo wengine waanze, na kwaya inabaki na pengo ambalo mzee hakuwa nalo. Andika sauti hizo mbili kwenye mistari miwili, moja juu ya nyingine, uonyeshe pigo wanalopishana.

Mpangilio wa sauti nne uandikwe karatasi nyingine, na jina la aliyeupanga. Jina la mhubiri libaki juu ya tuni yake, pamoja na kijiji chake na ibada aliyoutungia wimbo.

Mwalimu wa kwaya,
Bukoba